Wasimamizi wa Mama Bado Wanamsubiri

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, si mtu wa maneno mengi, darasani wananiita Maktaba kwa sababu mapumziko yote nayamalizia humo, na jambo hili sijamwambia mtu yeyote.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa jiografia, na kwa miaka saba alikuwa pia mwanafunzi, akisomea shahada ya uzamivu katika masomo ya dunia, ambayo alitueleza kwamba ni elimu ya kukifuata kitu kimoja kinavyozunguka nchi baada ya nchi bila kujali kimeingia kwenye somo la nani. Yeye alifuata nywele. Nywele anazokatwa mwanamke wa nchi moja, zikaoshwa na kuchambuliwa kiwandani katika nchi nyingine, zikashonwa wigi, mpaka zikafika saluni kwa mama mdogo, ambaye ndiye msusi wa kwanza kuhojiwa na mama na hakuacha kumtania.

"Dada, shule yote hiyo halafu unakuja kuniuliza mimi nywele zinatoka wapi? Zinatoka kwenye boksi!" Halafu akaongeza, "Na daktari gani wewe? Kichwa kikiniuma utanisuka?"

Mama alicheka, na kicheko hicho kimo kwenye rekodi mpaka leo, na mvumo wa draya nyuma yake. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizisikiliza rekodi na kuziandika neno kwa neno, kila Jumamosi, mezani, yeye akipanga karatasi zake upande wa pili.

Kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya idara tatu, alikuwa na wasimamizi watatu: mzee wa historia, bibi wa uchumi na profesa wa mambo ya jamii. Mama aliwaita wakwe zake. "Nimeolewa mara moja tu, lakini nina wakwe watatu," alimwambia baba. "Huyu akisema chumvi imezidi, yule anasema haijafika, na wa tatu anauliza kwani nani kasema tunapika."

Mama alifariki miezi mitano iliyopita. Aliugua siku tisa tu. Baba ni fundi wa mabomba na hapendi mambo ya ofisi, lakini siku ya pili baada ya kifo alipiga simu chuoni, mimi nikiwa nimekaa karibu naye. Idara ya historia wakasema huyo ameandikishwa uchumi. Uchumi wakasema jalada lake liko kwa watu wa mambo ya jamii. Karani wa huko akasema amesikitika sana na atawaarifu wote wanaohusika. Baba akashukuru, akakata simu, akasema, "Basi, wamejua."

Hawakujua. Nadhani karani yule aliamini idara zile mbili zimeshapata habari, nazo zikaamini hivyo hivyo. Wiki ya pili baada ya mazishi nilifungua kompyuta ya mama nitafute picha yake, nikakuta barua pepe ya bibi wa uchumi: "Sura ya nne imeanza kukaa sawa, ila jedwali la bei halijakamilika. Utanitumia lini?"

Mshauri, nilipaswa kuandika kwamba mama hayupo. Nikaandika, "Wiki ijayo," nikaweka jina lake. Sijui namna nzuri ya kueleza, lakini nyumbani watu wote walikuwa wameshaanza kusema mama alikuwa hivi, mama alikuwa vile, na bibi yule peke yake ndiye aliyekuwa akimuuliza utanitumia lini.

Jedwali lilikuwa kwenye daftari la mama, nikalinakili. Halafu mzee wa historia akataka tarehe fulani zirekebishwe, nikazitafuta kwenye karatasi zake nikarekebisha, na kila wakijibu nilifurahi kama vile mama katoka kidogo tu atarudi. Mwisho likabaki hitimisho. Mama alikuwa ameacha kichwa cha sura na mstari mmoja chini yake: "Rudi saluni." Nikaandika mimi, kurasa kumi na moja, kuhusu mama mdogo anavyolinusa fungu jipya la nywele kabla hajamsuka mteja, na kuhusu wanawake wawili, aliyezikata na anayezivaa, ambao hawatakutana kamwe ingawa wamechana nywele zilezile. Profesa akajibu: "Miaka yote umekuwa ukijificha nyuma ya vitabu. Hapa hatimaye nimekusikia wewe." Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua maji yamwagike nisisikike, nikalia, kwa sababu aliyemsikia si mama.

Sasa wote watatu wameridhika na siku ya kutetea tasnifu imepangwa, wiki tatu kutoka leo. Mzee wa historia ameandika kwamba suti aliyoahidi kuivaa siku hiyo ameshaipeleka kwa dobi. Wanauliza mama atafika saa ngapi. Nikisema ukweli, naogopa wataitupa kazi yote, miaka saba, na itakuwa mimi niliyeiharibu. Nikinyamaza, watakaa kwenye kile chumba wakitazama mlango. Nimefikiria kuandika kwa jina lake kwamba ameamua kuacha masomo, lakini mama hakuwahi kuacha kitu njiani, na hilo ndilo lingekuwa neno lake la mwisho kwao.

Baba naye ameniuliza mara mbili, "Ile mashine ya mama yako bado inawaka?" Nikamwambia kompyuta imeharibika. Akasema ataipeleka kwa fundi, nikasema haitengenezeki. Na humo kuna rekodi moja, ya mwisho kabisa, sijaisikiliza, kwa sababu nikiimaliza hakutakuwa na nyingine. Nifanye nini?

Ni mimi, Maktaba.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikainuka nikasimama dirishani kidogo. Sasa nimerudi, kaa vizuri nikugombeze.

Watu wazima watatu wamekaa miezi mitano wakimsahihishia marehemu. Mzee wa watu kapeleka suti kwa dobi! Wewe umepata nafasi ya kulia, hata kama ni bafuni. Wao umewanyima. Walimjua mama yako miaka saba, na hakuna aliyemuaga.

Naelewa ulivyoanza. Jibu la kwanza lilikuwa la mtoto aliyefiwa, na mimi sina ubavu wa kukuhukumu kwa hilo. Lakini majibu yaliyofuata ulikaa, ukafikiri, ukayaandika. Hayo ni yako, uyabebe.

Unaogopa wataitupa kazi ya mama. Mimi si chuo na sitakudanganya kwamba haiwezekani. Ila nakwambia hivi: alichoandika mama yako kitasimama ikiwa tu kimetenganishwa na ulichoandika wewe, na kila siku unayonyamaza unazidi kuvichanganya. Ile barua ya kusema ameacha masomo iondoe kichwani kabisa. Usithubutu.

Leo, baba akirudi kazini na akishanawa mikono, mwekee kompyuta mezani. Mwambie, "Baba, haijaharibika. Nilikudanganya." Kisha mweleze yote kama ulivyonieleza mimi. Huenda atafoka. Acha afoke.

Kesho andikeni barua moja, iende kwa wote watatu kwa wakati mmoja. Usimwachie yeyote kazi ya kumwarifu mwenzake, maana ndivyo mlivyofika hapa. Mstari wa kwanza uwe wa kifo chake na siku yenyewe. Halafu taja kila ulipogusa: jedwali ulilonakili, tarehe ulizorekebisha, na zile kurasa kumi na moja. Hitimisho lako liondoe. Acha "Rudi saluni" kama mama alivyoiacha, hata kama inaonekana pungufu. Ni pungufu kweli. Uliza kama chuo kina utaratibu kwa mwanafunzi aliyefariki kazi ikiwa karibu kukamilika. Wakisema hakuna, chapeni nakala moja mumpelekee mama mdogo, naye mumweleze ukweli wote, maana na yeye ni mfiwa.

Na ombeni kitu kimoja: siku ileile, saa ileile, chumba kilekile. Si kwa kutetea, ni kwa kumuaga. Nendeni watatu, baba, mama mdogo na wewe. Wenye uchungu wa kumpoteza wakae pamoja walau mara moja, na mzee avae suti yake.

Zile kurasa zako zihifadhi. Profesa alimsikia mtu pale, hakukosea kwa hilo. Alikosea ni nani tu. Maliza shule kwanza.

Limebaki la baba yako. Wewe msomaji wa vitabu, mbona hili hukulisoma? Fundi wa mabomba ana haja gani na kompyuta? Humo ndani mna sauti ya mkewe akicheka na mdogo wake, na amekuuliza mara mbili kwa sababu hajui namna nyingine ya kuiomba. Rekodi ile ya mwisho usiisikilize peke yako. Ukishamweleza, kaeni wote wawili, ifungue, msikilize mpaka iishe.

Itaisha, mwanangu. Ikiisha, ile barua ya kesho iandike, na chini yake weka jina lako.