Karatasi Namba Kumi na Moja

Beni, 9 Machi 2024

Yaya Katungu,

Homa iliisha? Sisi wote tuko wazima, ila mvua imeharibu maharagi ya Mama.

Kuna jambo sijaambia mutu yeyote: siku moja nataka kuingia katika revue, lile jarida la sheria munalolitengeneza ninyi wanafunzi wenyewe. Darasani wangenicheka. Lakini tangu kaka Kitsa alipokuja likizo kuandika karatasi yake ya kuomba nafasi kwenu, sitoki karibu yake. Anaandika juu ya muzee wa Mutwanga aliyepanda kahawa katika shamba la jirani bila kujua: kahawa ni ya nani? Ni nzuri sana! Umusaidie, Yaya, wewe ni dada yetu sote wawili. Mwaka jana alishindwa, na ulisema hakuna mara ya tatu. Papa amesema akishindwa ataacha masomo, aende Kasindi kwa mujomba kushugulikia malori.

Barua nampa dereva Jumaine.

Mudogo yako,
Abdias

Butembo, 16 Machi

Mudogo wangu,

Homa ilitoka, asante. Na wewe mula-vitabu, chakula unakula?

Abdias, ulifanya nini kunieleza karatasi ya Kitsa? Kwetu kila karatasi inapewa namba, jina linafichwa. Tuko watu watano wa kusoma, kisha tunapiga kura. Na ukitambua karatasi ni ya nani, unatoka nje. Hiyo ndiyo desturi yetu.

Jana Léa, mumoja wa wale watano, alianza kusoma namba kumi na moja: "Muzee mumoja wa Mutwanga alipanda kahawa..." Nikasimama. Jéthro, mukubwa wetu, akanitania: "Katungu, tumbo?"

"Hapana. Ninamujua aliyeandika."

Nikatoka. Wakabaki wane: wawili walimutaka, wawili walikataa. Watarudia Jumatano. Kura zikilingana tena, amekataliwa.

Sikukasirika. Lakini usiniandikie tena juu ya karatasi hiyo.

Yaya yako,
Katungu

Beni, 18 Machi

Yaya,

Samahani, leo hata kukusalimu vizuri siwezi. Siwezi kukaa, siwezi kusoma. Gari yoyote ya Butembo ikipiga honi, natoka mbio. Kitsa anapiga pasi shati ya kuvaa siku atakayoitwa na revue, anapiga mluzi! Kwa nini hukunyamaza tu? Nani angejua?

Abdias

Butembo, 21 Machi

Mudogo wangu,

Salamu kwa wote. Walirudia. Wawili kwa wawili.

Unauliza nani angejua. Mimi. Na kesho ningemukataa mutoto wa mutu mwingine kwa kura ileile niliyopendelea nayo ndugu yetu.

Majibu yatabandikwa Jumatatu. Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe.

Katungu

Beni, 26 Machi

Yaya Katungu,

Uwe na afya. Sisi tuko.

Sikungojea Jumatatu. Jumamosi nilimwambia Kitsa kila kitu, nikingojea kofi. Aliuliza moja tu: "Katungu alitoka yeye mwenyewe, hakuna aliyemufukuza?"

"Mwenyewe."

Kisha akasema: "Basi ile ni revue ya kweli. Ndiyo maana inaniuma zaidi." Akaanza kukunja nguo.

Leo asubui nilimubebea mufuko hadi parking ya magari ya Kasindi. Alipopanda, na mimi nikapanda. Sikuomba ruhusa kwa Papa. Tulipofika kwa mujomba nilimutandikia kitanda, nikamunulia sabuni, nikarudi na gari ya mwisho.

Mudogo yako,
Abdias