Vidonge vya Magoti

4 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Salamu. Ukiuliza hali yangu, moyo unapiga kama saa mpya. Vingine vyote vimeharibika.

Leo ni siku ya tisa tangu wanipitishe mrija mkononi hadi kwenye mshipa wa moyo ulioziba, wakautanua. Ulisema baada ya wiki nitarudi kubandika vigae. Haya, sikiliza. Siku ya pili mkojo ulipungua, ya tatu ukakata. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Daktari akasimama mlangoni, akasema ile dawa ya rangi wanayomwaga ndani ili waone mishipa "imezichosha" figo. Imezichosha! Figo zimegoma kabisa. Nasafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Wewe ndiye uliyenisukuma. "Kaka, usichelewe, moyo haungoji." Na wewe ni muuguzi. Hukujua?

Wifi yako anakusalimu. Mimi sijaamua.

Kaka yako

9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, na bado sijakaa.

Naungua kwa hasira, tena si kwako. Mtu wa miaka hamsini na nane anamwagiwa dawa ile bila kuangaliwa figo kwanza? Ulikunywa maji siku ile? Walikutundikia dripu? Nani alikuuliza maswali? Niandikie yote. Nitakwenda kudai faili, na watanieleza.

Lakini mshipa ulikuwa unaziba, Kaka. Ungekufa juu ya vigae. Kwa kukusukuma siombi radhi.

Mdogo wako

13 Machi

Kitinda,

Marahaba. Nimekula kidogo, nimetapika kingi.

Unahoji kama askari, basi nakujibu. Maji walinikataza tangu jioni ya jana yake, na zamu yangu ikafika alasiri. Dripu sikuiona. Damu walichukua asubuhi. Wakaleta fomu: "Saini hapa, mzee." Nikauliza, hii rangi haina madhara? Aliyeishika akacheka. "Mzee, unataka kupona au unataka kusoma?"

Dawa ninazotumia nyumbani hawakuniuliza. Walisema yote yamo kwenye barua ya rufaa uliyowaandikia wewe.

Sasa nahoji mimi. Uliandika nini kuhusu vidonge vya magoti, hivi unavyoniletea miaka mitatu sasa? Viwili asubuhi, viwili jioni, maana fundi vigae anaishi kwa magoti. Juzi daktari wa figo aliniuliza, nikamtajia. Akaweka kalamu chini, akasema vidonge hivyo navyo huumiza figo.

Kaka yako

30 Machi

Kitinda,

Salamu sina. Wiki mbili kimya. Wifi yako anasema huenda barua imepotea. Mimi nakujua tangu unanyonya: ukikosea, unajifungia chumbani. Toka.

Kaka yako

3 Aprili

Kaka,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Barua haikupotea. Tarehe kumi na nane nilikuja huko, nyumbani kwako sikufika. Nilikwenda hospitali, nikapiga meza mpaka wakaleta faili. Majibu ya damu yalikuwemo: figo zilikuwa zimeshaanza kudhoofika. Yaliletwa saa nne asubuhi, wewe ukaingizwa saa tisa alasiri, na hakuna aliyeyasoma. Nilifoka, korido nzima ikasikia. Mkuu wa wodi alifunua karatasi moja, akaweka kidole. Barua yangu. "Hatumii dawa yoyote." Mwandiko wangu, muhuri wa zahanati yetu.

Sikusahau, Kaka. Niliacha makusudi. Ningetaja vidonge, wangeahirisha ili uviache kwanza, na wewe ulikuwa unashika kifua kila ukipanda ngazi. Tena nilikuwa nakupa bila cheti cha daktari. Hilo nalo nililiogopa, nisijifanye mwema.

Nimewaandikia malalamiko kuhusu majibu yasiyosomwa. Humo humo nimeandika kosa langu, na nakala nikampa mkuu wangu. Nimesimamishwa kazi.

Mdogo wako

12 Aprili

Kitinda,

Shikamoo yako imelala mezani siku nne. Marahaba.

Nilisoma barua yako nikiwa kwenye mashine. Presha ikapanda, mashine ikalia, wifi yako akaninyang'anya karatasi. Hospitali wamenikasirisha. Wewe umenikasirisha zaidi, kwa sababu wao hawanijui.

Mkojo umeanza kurudi, kikombe kimoja kwa siku. Daktari wa figo anasema huenda nikaachana na mashine, huenda nisiachane nayo. Magoti yanauma mpaka nauma shuka, na vidonge vile sivigusi tena.

Radhi usiniombe, sina pa kuiweka. Wiki sita sasa wifi yako anakaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda changu cha mashine, na mgongo umemshinda. Wewe huna kazi. Njoo Jumatano, saa mbili kamili. Hatutazungumza. Utakaa saa zote nne, uangalie damu yangu inavyotoka na kurudi.

Na Ijumaa vilevile.

Kaka yako