Sura ya Dawa ya Kupe

Emmy, sikia ya Makokha wa Kiminini, utaacha chai ipoe.

Unajua lile kundi la mtandaoni la kuwatia moyo waandishi wa hadithi? Miezi minne anawatumia riwaya yake, na kila sura jibu ni moja: "Nimelia, mzee, endelea." Hata sura ya harusi, bana, ati wamelia.

Leo asubuhi akashuku. Akachukua chupa ya dawa ya kupe, akanakili maelezo yote neno kwa neno, akawatumia. Ati Sura ya Kumi na Mbili.

Dakika mbili tu. "Nimelia, mzee, endelea." Watu kumi na saba. Mwalimu wa kundi akaongeza ati huyo ng'ombe ana undani. Ng'ombe wa kwenye chupa.

Makokha alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikamkatika, maana ni hao hao waliomwambia riwaya yake iko tayari kuchapishwa.

Kisha Nabwile, msichana wa Kibabii ambaye yumo humo kundini lakini hajawahi kumsifu, akaandika: "Mzee, haya ni maelezo ya dawa. Lakini afadhali haya, angalau nilitaka kujua kama ng'ombe atapona."

Sasa amemtumia huyo msichana sura zote kumi na moja kando, amwambie ukweli. Simu amempa Sellah mkewe ashike, ati yeye hawezi kufungua jibu.