Mgongo wa Gauni la Filamu

Shauri Moyo,
Nairobi.
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mkweo Wanyonyi, na za mjukuu wako Wasike, ambaye sasa hivi anavuta kona ya karatasi hii akitaka kuila. Sisi tu wazima. Meno yake ya chini yametoka, ndiyo maana usingizi umepungua kwetu sote. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe aliyekataa kukamwa na mtu mwingine ila wewe, ameshalegeza moyo? Nisalimie binamu yangu Triza, umwambie ile picha aliyokuonyesha kwenye simu yake ninaijua, na nitaifikia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu wewe hunikatiza, mimi hupandisha sauti, halafu mtandao unatumaliza. Kwa barua utanisikiliza hadi mwisho.

Mama, kuna jambo linanizunguka kichwani. Wateja wangu siku hizi hawaji na kitambaa wakanieleza kwa mikono. Wanakuja na simu, filamu imesimamishwa, kidole juu ya kioo: fundi, nishonee hii. Filamu moja ikipendwa, mtaa mzima unataka mabega ya kuvimba. Ikija nyingine, mabega yanashuka na kola zinapanda. Nami nikikanyaga cherehani hujiuliza: huyu mwanamke wa filamu, yeye alimwona nani hata akavaa hivi?

Mwaka jana, Wasike akiwa bado mchanga, alikuja Njoki, anayeuza viatu sokoni Gikomba. Alitaka gauni la mama tajiri wa filamu moja ya ng'ambo. Mbele niliiona vizuri, kola, vifungo, kila kitu. Lakini mgongo je? Nikamwomba aniachie simu, nikaitazama filamu yote huku nikinyonyesha. Yule tajiri anakula, analia, anafukuza wafanyakazi, lakini hageuki. Akiinuka tu, picha inaruka kwa mtu mwingine. Nikamuuliza jirani yangu Nurto, anayeuza vitambaa, kwa kuwa hakuna filamu inayompita. Akasema mama huyo hana mgongo, matajiri huuacha nyumbani na mfanyakazi. Alicheka mpaka akasahau mteja wake.

Basi nikabaki na kitambaa mezani. Zipu ya mgongoni sikuitaka, maana Njoki alikuwa na mtoto wa kubeba, na kwa mtoto wangu nilishaona jinsi zipu inavyomkwaruza kifuani. Nikashona mgongo ninaoujua: marinda mawili mapana kutoka mabegani hadi kiunoni, yanayojifunga mwanamke akiwa peke yake, na kufunguka akifunga mtoto. Zipu nikaihamishia ubavuni. Njoki akataka kujua kama ndivyo ilivyo kwenye filamu. Nikamwambia kwa kuwa hakuna aliyeona, hakuna wa kumbishia.

Siku si nyingi baadaye Njoki alikuwa akipita hapa mtaani, mara akasikia mwanamke anamkimbilia kwa nyuma akimwita, madam, madam, simama. Njoki naye akakumbatia mkoba, akaongeza mwendo. Walifukuzana hadi mlangoni kwangu, mmoja akilia mwizi na mwingine akiapa kwamba anataka tu kutazama gauni.

Huyo ndiye Sally. Kazi yake ni kutafuta nguo za waigizaji, na siku hizo walikuwa wanapiga filamu kwenye zile nyumba za zamani za kaunti. Alimgeuza Njoki huku na huku kama mtoto anayepimwa sare ya shule, akaingiza vidole kwenye marinda, akaniuliza nimeutoa wapi mgongo huo. Nilimjibu, na jibu hilo nitakuambia mbele kidogo. Akaniomba nimshonee mwigizaji wake, anayeigiza mama wa mtaani.

Nikampima mwigizaji, na nilipokuwa nakata nikamuuliza Sally lile linalonikereketa: nani huanza, sisi au filamu? Akasema kabla ya kila kazi huzunguka Gikomba na mitaa yetu akitazama tunavyovaa, ili filamu ifanane na watu. Nikamwambia sisi nasi huketi kutazama filamu ili tufanane nazo. Tukatazamana. Ni kama majirani wawili wanaochunguliana sufuria, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ajuaye kupika. Tulicheka, lakini hadi leo bado nawaza: kitu cha kwanza kabisa kilitoka sufuria ya nani?

Filamu ilipotoka tuliitazama kwa Nurto. Kuna mahali yule mwigizaji anaondoka na mtoto, haongei, na kamera inamfuata nyuma njia nzima. Marinda yanafunguka, yanajifunga. Nurto alinipiga kofi la bega akiniambia, mama Wasike, leo tajiri ameupata mgongo wake.

Tangu hapo kazi imefurika. Wiki jana alikuja dada mmoja kutoka mtaa wa Fedha, simu mkononi, picha imesimamishwa. Safari hii ilikuwa mgongo tu. Alisema mbele nishone nipendavyo, bora nyuma iwe ile ya filamu, akauliza kama mafundi wa huku tunaweza vitu vya filamu. Nikasema nitajaribu. Nurto ilibidi ajifiche nyuma ya vitambaa vyake.

Sasa nifike kwako. Uliponipigia ulitaka mambo mawili. La kwanza, nikushonee gauni la filamu ambalo Triza amekuonyesha, lenye marinda nyuma, uvae kwenye mkutano wa akina mama. La pili, nimlete Wasike akae kwako mpaka aanze shule, kwa kuwa mimi nachoka.

Mama, hilo gauni ni lako. Sally aliponiuliza nimetoa wapi, nilimwambia kwa mama yangu, Kimilili. Huikumbuki ile nguo yako ya kijani, uliyoshonewa na kukhu, nyanya yetu, ya sokoni na kanisani? Mimi sijaisahau. Nikiwa mkubwa kidogo nilikuwa natembea nyuma yako ukiwa umembeba mdogo wangu, naona shavu lake limezama kwenye yale marinda, namwonea wivu kwa sababu najua palivyo na joto. Hiyo ndiyo Triza ameiona kwenye simu.

Na hilo la pili jibu lake limo humo humo. Nimechoka, sikatai. Juzi nililala juu ya cherehani hadi Nurto akaja kunizimia pasi. Lakini wewe pia ulichoka, ukapalilia nasi mgongoni, ukauza ndizi nasi mgongoni, na kukhu alipotutaka tukae kwake hukututoa. Wasike sitamleta akae. Usinikasirikie, na usimtume mjomba kuja kuniongelesha. Nimesema.

Gauni lako liko ndani ya kifurushi hiki. Rangi nimechagua kijani. Shingo nimeipandisha kidogo, maana najua wenzako wa kanisani. Marinda nimeyaacha mapana kuliko ya mwigizaji. Desemba tukija utamfunga Wasike hapo, umzungushe kwa majirani wote mpaka uchoke wewe au alale yeye. Kisha utanirudishia mwanangu.

Wasalimie wote boma zima, na ng'ombe pia. Wanyonyi anasema asante kwa mtama. Umwambie Triza asikupige picha za mbele tu.

Ni mimi mwanao,
Nafula, mama Wasike.