Kona Yenye Ukuta wa Mawe

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii imekukuta mzima wa afya, na kwamba ule mguu haukusumbui sana majira haya ya mvua. Wifi hajambo? Na huyo binti yenu ninayemjua kwa picha tu, ameacha kuuma watu? Mwambie shangazi yake alikuwa hivyo hivyo. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi bado mzima kabisa. Baba yupo karakanani kila siku. Macho yamepungua nguvu, ila miwani mipya hataki, eti spoku za baiskeli anazijua kwa vidole.

Utashangaa kupata karatasi tatu nzima kutoka kwangu, mimi niliyezoea kukuandikia mistari minne na kukimbia. Kaka, nimevuka mlima. Nimepita njia ile ile uliyoangukia siku ya mashindano ya baiskeli, miaka sita iliyopita, na tangu nirudi sijatulia. Tafadhali soma mpaka mwisho, hata ukichukia katikati.

Chanzo ni muuguzi wa zahanati ya upande wa pili, aliyeagiza baiskeli kwetu ya kuzungukia wagonjwa. Niliimaliza wiki ile ile udongo ulipoporomoka ukaziba barabara, magari yakakwama pande zote mbili. Muuguzi akapiga simu kusema anatembea kwa miguu, na ana wajawazito wawili waliokaribia siku zao, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Baba akasema asubiri. Mimi nikasema baiskeli inabebeka begani, na mabega ninayo. Mama akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nikamjibu bado, nikafunga koti la mvua kwenye keria, na asubuhi nikaondoka.

Ulipita huko kabla yangu, lakini siku ile yote ilikufutika kichwani, kwa hiyo acha nikusimulie kama mtu asiyewahi kufika. Saa mbili za kwanza ni kupanda tu, jasho na kujilaumu. Pale palipoziba niliibeba baiskeli huku tope likinifika magotini, nikapoteza kiatu, nikakipata, nikakitukana. Baada ya hapo mvua ikaanza. Mwanzo ilinyesha kutoka juu kama mvua yenye adabu, halafu kutoka pembeni, na usinicheke, mwishowe ilininyeshea kutoka chini, maana upepo ulikuwa unapanda korongoni na kuirudisha juu. Kidevu changu kililowa kabla ya kofia.

Karibu na kilele upepo ulinishusha baiskelini, nikawa natembea nimeinama, nimeukumbatia usukani. Mawingu yalikuwa yanamwagika juu ya barabara kama maziwa yanayofurika sufuriani, na sikuona hata gurudumu langu la mbele. Kisha radi ikapiga, kaka, na ilipiga chini yangu. Maisha yangu yote nimeinua kichwa kutazama umeme. Siku hiyo niliinamisha kichwa kuutazama, ukikimbia ndani ya mawingu huko bondeni, na mlima mzima ukitetemeka hadi kwenye nyayo zangu. Niliogopa sana. Lakini ndani ya woga ule kulikuwa na kitu kingine nisichokijua jina, nikajikuta nimevua kofia katika mvua ile. Sijui nilimvulia nani.

Wingu likapasuka kidogo. Ng'ambo ya korongo niliona ukuta wa mwamba mweusi unaopanda mpaka shingo ikauma, na juu yake maporomoko ya maji yasiyohesabika, yote yamezaliwa asubuhi ile ile, yakishuka bila sauti kwa sababu ya umbali. Nililia, nakwambia ukweli. Nilijihisi mdogo kama nati ya gurudumu, na kwa namna ya ajabu nilifurahi kuwa mdogo. Kisha wingu likajifunga na mimi nikavaa kofia yangu.

Kushuka ndiko kulikonipa kazi. Mvua ya mawe ilianza, barabara ikawa nyeupe na yenye utelezi, vidole vikafa ganzi. Nilihesabu kona mpaka nikafika ile yenye ukuta wa mawe. Nilibana breki mapema, zikalia, zikashika, nikasimama hatua kumi kabla ya ukuta. Nikabaki nimesimama pale, mvua ya mawe ikinipiga mgongoni, natazama mahali ulipogonga.

Mtu akaniita. Kuna kibanda cha watengeneza barabara nyuma ya kona, na ndani alikuwemo mzee mmoja mwenye koleo na birika. Alinipa chai na kuniuliza ni mwendawazimu gani anasimama mahali kama pale kutazama mawe. Nikamwambia kaka yangu aliangukia hapo katika mashindano. Akaniuliza kama ni yule wa fulana ya njano. Nikaitikia. Akasema yeye ndiye aliyekufikia wa kwanza, kabla ya gari la wagonjwa. Alisema ulikuwa umezirai kando ya ukuta na usukani uliovunjika mikononi, na hawakuweza kukunyanyua mpaka akukunjue vidole kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekazwa kwenye breki kama vya maiti. Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kaka, hapo chai ilinishinda.

Unajua maneno yaliyosemwa nyumbani. Baba alisema kichwa kilikuvimba, ulitaka kupigwa picha ukishuka bila kushika breki, na wewe, kwa kuwa hukukumbuka lolote, ulimwamini kisha ukahama. Mimi nilinyamaza. Leo nakwambia kwa nini. Asubuhi ya mashindano niliisafisha baiskeli yako uliyoiacha karakanani. Nilitaka ing'ae mbele ya watu, nijivunie. Unajua sheria ya baba, vitambaa viwili kwenye misumari miwili, cha mnyororo hakigusi rimu, pale breki zinapobana. Kile cha rimu kilikuwa kimelowa, nikachukua cha mnyororo. Nikazisugua rimu zote mbili kwa kitambaa chenye mafuta, zikang'aa kweli. Kwenye kupanda hukuhitaji breki. Kwenye kushuka mvua ikaja, na mafuta na maji unajua yanavyofanya.

Nilijua tangu jioni ile ile. Lakini baba aliposema hukushika breki, nikajificha hapo. Nilijiambia kama hukushika, basi rimu hazina kesi na mimi sina kesi. Nimeishi ndani ya neno lile miaka sita, nikala, nikalala, nikakuandikia mistari minne minne. Yule mzee wa koleo alinitoa humo kwa kikombe kimoja cha chai.

Baiskeli nilimfikishia muuguzi, na barabara ilipofunguliwa nilirudi na lori. Jana nilimweleza baba yote, tukiwa wawili karakanani. Hakunigombeza. Aliniuliza kama mzee yule alisema mkono mmoja au yote miwili. Nikamwambia yote miwili. Akatoka uani, nikamsikia ananawa mikono kwa muda mrefu, naye hakuwa ameshika kitu chochote. Hajanituma neno kwako, na sitamtungia. Ila leo asubuhi hakufungua karakana.

Mama hajui bado, nitamwambia mwenyewe kesho. Hasira zako ni haki yako, kaka, zilete kwangu zote, na usipotaka kunijibu nitaelewa. Mbusu binti yenu, mpe wifi salamu zangu, na mguu uukande kwa maji ya moto. Ninachokuomba ni kimoja tu. Mtoto atakapokuwa mkubwa akuulize mguu ulipatwa na nini, usimwambie hukumbuki, na usimwambie ulikuwa na kichwa kikubwa. Mwambie ulishika breki. Mwambie ulizishika kwa mikono miwili, na hukuziachia hata ulipozirai.

Ni mimi mdogo wako,
Spana