Wanataka Niseme ni Kiu

Koboko, Jumanne. Mvua inanyesha tangu saa nane, na bati la nyumba hii linapiga kelele hata siwezi kusahihisha madaftari ya watoto. Afadhali niandike. Nina hasira, na sina mtu wa kumwambia, kwa sababu niliyekuwa namwambia mambo yangu yote ndiye aliyenitia hasira.

Ijumaa natakiwa kusimama mbele ya wageni wa msaada kutoka Arua na wakubwa wa hapa, nieleze jinsi mwanangu Keji alivyokufa kwa kiu njiani tulipokimbilia Zaire.

Keji hakufa kwa kiu.

Nianze mwanzo, maana kichwa kimevurugika. Huu ni mwaka wa saba tangu turudi nyumbani kutoka Zaire. Tumejenga, tumelima, watoto wanasoma. Lakini sisi wanawake tuliorudi tulibaki na woga wa pori. Tunaingia kukata kuni, tunatoka mbio. Basi mwaka jana mimi na Hadija, rafiki yangu niliyekaa naye nyumba moja ya nyasi miaka yote ya ukimbizi, tukaanza kuwapeleka wenzetu mlima Liru kila Jumamosi. Hatukuenda kwa kuni wala kwa maombi. Tulipanda tu, tukakaa juu kwenye mawe, tukala muhogo wa kuchemsha, tukatazama mbali, tukachekana. Mama Jokudu wa Lobule, ambaye mume wake mwanajeshi alipotea ule mwaka wa sabini na tisa, siku ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akalala fofofo juu ya jiwe. Binti yake aliniambia mama hajalala hivyo tangu vita. Tukamwacha alale.

Sasa, huku kwetu mwanamke hatembei porini mikono mitupu. Akionekana hivyo, watu watasema ana mwanaume huko, au ni mchawi. Kundi zima la wanawake bila mzigo ndilo baya zaidi. Wiki ya kwanza mzee mmoja alitusimamisha barabarani, macho yamemtoka. "Munakimbia nani? Vita iko wapi?" Kwa hiyo tukabuni ujanja. Kila mtu anabeba jerikani au beseni kichwani, tupu kabisa, mpaka chini ya mlima. Pale tunazificha kwenye nyasi, tunapanda. Tulikuwa tunaona raha sana kwa ujanja wetu.

Kisha tukasikia kwamba ofisi moja ya wazungu Arua ina mfuko wa vikundi vya namna yetu, vya kuwatoa watu nje wacheze na kupumzika baada ya vita. Sikuamini. Nikapanda lori la tumbaku nikaenda kuuliza kwa mdomo wangu. Ni kweli. Tukaandika barua: njia ya mlimani ifyekwe, tujengewe kibanda juu cha kujikinga na jua, tupate mipira, na gari mara moja kwa mwezi liwalete wale bibi wa Lobule, kule mbali, ambao miguu imechoka. Hadija ndiye katibu, maana Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Mimi mwenyekiti. Kazi yangu ni kutia sahihi.

Baada ya mwezi akaniletea karatasi nyingine, akasema ofisi inataka maelezo zaidi. Nikatia sahihi bila kusoma. Mwalimu mzima, ninayewakaripia watoto wasiosoma swali kabla ya kujibu.

Akaja mzungu na kamera. Hadija alimpokea barabarani, akamwambia gari haliwezi kufika mlimani, apige picha palepale. Tulikuwa bado na jerikani vichwani. Tukajipanga, tukatabasamu. Mzungu akasema tusitabasamu. Hata hapo sikushtuka. Mjinga mimi.

Jana nilikwenda Arua kusikia jibu. Karani wa ofisi, kijana mpole wa Ayivu, alifurahi kuniona. "Madamu, nyinyi iko na bahati," akaniambia. "Pampu ya maji inakuja." Nikamwambia amekosea faili, sisi ni watu wa mlima. Akafungua faili. Ile barua yetu ya kwanza Hadija aliirudisha mwenyewe, akasema kikundi kimebadilisha mawazo. Karatasi ya pili ilikuwa ya mfuko mwingine, wa maji. Picha yetu ilikuwa imebandikwa juu, sisi na jerikani zetu za uongo, nyuso zimekunjamana kama alivyotaka mzungu. Chini yake, kwa mwandiko wa Hadija ninaoujua kuliko wangu, kulikuwa na habari za mwenyekiti ambaye mtoto wake wa miaka mitatu alikufa kwa kiu mikononi mwake.

Nilisoma mara mbili. Karani akaniletea kiti, akaniambia Ijumaa wageni watakuja kuyasikia hayo kwa mdomo wangu.

Habari za Keji nilimwambia nani? Hakuna. Hadija alikuwepo, hakuhitaji kuambiwa. Ila mwaka jana, kule juu mlimani, nilizungumza juu ya mtoto huyu kwa mara ya kwanza. Hadija alinishika mkono, akasikiliza mpaka mwisho. Sasa najiuliza kama siku ile alikuwa ananisikiliza mimi au alikuwa anatafuta cha kuandika.

Leo asubuhi nimemkuta barazani kwake kwenye cherehani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; wangu alikuwa anazishona hizo nguo. Nilidhani atakana. Hakukana hata kidogo. Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Ule mfuko wa michezo walikuwa wanataka kufunga," akasema. "Mimi nilisoma makaratasi yao. Mutu hapati pesa ya kucheka, dada. Anapata ya kulia."

"Na mtoto wangu?"

Hapo mguu wake ukasimama. "Mimi ndiye nilichimba kaburi," akasema. "Kwa mikono. Umesahau?"

Sijasahau. Ndiyo maana sikumpiga.

Ingekuwa pampu inawekwa nyumbani kwa wakwe zake, ningemchukia vizuri, nikalala. Lakini itawekwa karibu na shule yangu. Wasichana wangu wanaofika saa nne kila siku, nguo zimelowa, kwa sababu walitumwa mtoni kwanza, watafika mapema. Nani atanisikiliza nikisema naikataa? Watasema mwalimu amerukwa na akili, anataka kibanda cha kukalia mawe wakati watu hawana maji. Na labda watakuwa na haki. Hadija analijua hilo. Alinijua mpaka mahali ambapo nitashindwa kusema, akanishikia hapohapo.

Nikiwa narudi nyumbani nimekutana na Mama Jokudu, amekuja sokoni na mihogo. Ameniuliza kama gari la kuwaleta litaanza Jumamosi hii, maana amewaambia na majirani zake. Amefua kitenge cha kuvaa. Nikamwambia gari bado. Alisema tu, "Basi nitajaribu na miguu," na sote wawili tunajua miguu yake haifiki tena.

Nimeona kwamba nikisema ukweli Ijumaa, faili litafungwa, maji yatakwenda kwa wengine, na njia ya mlimani bado haitafyekwa. Nikinyamaza, karani yule mpole ataulizwa kwa nini mwenyekiti hasemi yaliyo kwenye faili lake. Nimegeuza jambo hili mchana kutwa na kila upande nakuta Hadija alishapita.

Basi niandike hapa, mahali ambapo hakuna mgeni atakayesoma. Keji alikufa kwa surua. Siku ya nne ya safari, asubuhi, kando ya shamba la mtu tusiyemjua. Mto ulikuwa karibu, tulikuwa tunausikia. Alikunywa alivyotaka mpaka akakataa kikombe. Maji yalikuwepo. Yaleyale ndiyo niliyomwoshea, Hadija ananimiminia.

Ijumaa nitasema ni kiu.