Jesca na Kambare Wangu

Jumatatu, 5 Mei

Nimekoboa mpunga tangu asubuhi. Magunia yamepanga foleni mpaka barabarani. Chimala nzima hakuna anayeijua mashine kama mimi. Ikikohoa tu, najua mkanda upi umelegea. Fundi wa Mbeya mjini alikuja mwaka juzi akaniita profesa. Sawa, aliniita mzee. Lakini kwa heshima ya profesa.

Jesca karudi shule, kakaa mlangoni. Ni mtoto wa dada yangu wa Nyololo. Dada anachuma chai Mufindi, mtoto tunaye sisi tangu Januari. Ana miaka kumi, yuko la pili, amewazidi wenzake kichwa kizima. Kule Nyololo alishawahi kurudishwa darasa.

Daftari la shule nimesaini. Ndiyo utaratibu wao: mtoto anasoma nyumbani jioni, mtu mzima anamsikiliza, halafu anaandika mstari mmoja. Nimeandika: Amesoma vizuri kuliko wote. Sikumsikiliza. Nimechoka, pumba zimejaa masikioni. Wiki ya tatu hii naandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeitwa shule. Nikavaa koti. Nilijua wananitaka kwenye kamati.

Mwalimu Atupele ndiye wa darasa lao. Binti mdogo wa Kinyakyusa, sauti ndogo. Nikamweleza shule nzuri inavyotakiwa iwe. Geti la chuma. Rangi. Basi la njano kama yale ya shule za kulipia Mbeya mjini. Geti nikaahidi kulichomelea mwenyewe. Sijawahi kushika mashine ya kuchomelea.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akafungua daftari.

"Baba Lusajo, jana umeandika Jesca amesoma vizuri kuliko wote."

Nikasema ndiyo, akili kachukua ujombani.

"Kitabu alikisahau hapa. Kiko kabatini kwangu tangu Jumatatu."

Aibu. Koti likanibana ghafla.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Amesema Jesca hajui kusoma hata mstari. Tarehe thelathini kila mtoto wa la pili atasoma ukurasa mbele ya wazazi, na asiyeweza atarudia darasa mwakani. Jesca kamwambia akirudishwa tena anaacha shule, anamfuata mama yake kwenye chai.

Miaka kumi. Mikono yenyewe ile midogo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekaa naye juu ya debe nje. Nikamwambia asome. Akainamisha kichwa, akang'ang'ania ukingo wa kitabu. Nimekasirika, halafu nimejikasirikia mimi.

Chimala yote inajua nilimaliza kidato cha nne. Humu naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma. Mama Lusajo daftari hili haligusi, anasema uongo wangu ameshausikia wote kwa mdomo. Niliishia la tano. Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akanisikiliza mimi nikisoma. Hata siku moja.

Ili acheke nikampa hadithi ya kambare. Nilipokuwa kijana nalima Usangu, kambare alitoka kwenye mfereji akameza jembe langu, mpini na vyote. Nikamrukia mgongoni, akanikokota mpaka mtoni. Alinirudishia jembe likiwa limenolewa.

Jesca kacheka mpaka uji umemtokea puani.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudi shule bila koti. Nikamwambia Mwalimu, mtoto kitabu anakiogopa, ila kambare hamwogopi. Nilisema kwa utani.

Yeye hakucheka. Alitoa karatasi ya manila na kalamu nene. "Hebu simulia, Baba Lusajo. Pole pole."

Nikasimulia mbele ya darasa zima. Watoto zaidi ya sitini, madawati yamebana. Kila nilichosema akakiandika kwa herufi kubwa. Kambare alimeza jembe la mjomba. Vitabu vyao havitoshi, watatu wanashika kimoja, kwa hiyo hadithi yangu sasa imebandikwa ukutani. Nimeandika kitabu. Profesa kweli.

Jesca amehamia dawati la mbele. Mwenyewe, hakuambiwa.

Alhamisi, 22 Mei

Mkanda wa mashine umekatika saa kumi. Wateja wakapiga kelele. Nikawaambia wangoje, nina mtoto wa kusikiliza. Mzee mmoja Msukuma mwenye magunia kumi akaniuliza, "Kwani umekuwa mwalimu?" Nikamjibu nimekuwa mwandishi.

Jesca kanakili hadithi yote, anasoma kwa kidole. Leo nilidakia kwamba kambare alinifikisha mpaka Igawa.

"Mjomba, Igawa haimo. Hapa umefika mtoni tu."

Maisha yangu yote sijawahi kukamatwa kwa maandishi.

Nimefurahi nusu saa. Halafu Mama Lusajo akaja akaifunika karatasi kwa kanga. Jesca akaendelea kusoma vile vile mpaka mwisho.

Kakariri. Hasomi.

Nimekwenda kwa Mwalimu jioni hii hii. Nikamweleza yote, sikuongeza chumvi. Kasema, "Nimeona. Tuendelee kumsikiliza, sasa neno moja moja." Zimebaki siku nane. Naogopa.

Ijumaa, 30 Mei

Wazazi tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani. Jesca aliitwa wa mwisho. Mwalimu akampa karatasi mpya, kaiandika kwa mkono wake. Jesca akaanza haraka haraka.

"Kambare alimeza..."

Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Midomo ikawa inacheza bila sauti. Mimi moyo ulikuwa unapiga kama mashine isiyo na grisi. Nikajua basi, mtoto anakwenda kwenye chai.

"Mwalimu, hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika ba-i-si-ke-li. Kambare alimeza jembe."

Mwalimu akamwambia asome hivyo hivyo ilivyoandikwa. Akasoma. Pole pole, kakunja uso kama hakimu. Mstari baada ya mstari, na kila mstari Mwalimu alikuwa kaubadilisha. Mto umekuwa mlima. Mfereji umekuwa soko. Jesca kausoma ukurasa wote.

Nikatoka nje, nikasimama jikoni kwenye sufuria la uji. Mpishi kaniuliza nalia nini. Nikamwambia moshi. Kuni zilikuwa zimezimwa.

Januari Jesca anaingia la tatu.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani nimeshukuru. Kwa mara ya kwanza sikumkumbusha Mungu mema yangu.

Tumempigia dada. Jesca akamsomea ukurasa wote kwenye simu. Dada akauliza, "Baiskeli ya nani hiyo?" Kisha akalia na kucheka pamoja.

Shule bado haina geti. Rangi imebanduka upande wa magharibi. Ina yule binti mwenye sauti ndogo. Inatosha, na Mungu ambariki.

Kwenye daftari la Jesca nimeandika: Nimemsikiliza.

Yule kambare alikuwa mdogo. Alienea kwenye kiganja. Jembe nililisahau shambani. Hilo nimeliandika humu tu, na kuanzia leo daftari hili naliweka juu ya kabati. Nyumba hii sasa ina mtu anayesoma.